Tezi Ikitulia, Macho Huenda Bado

Mei 1991, Rais George H. W. Bush wa Marekani alikuwa akikimbia mazoezi huko Camp David, pumzi zikamkatika na moyo ukaanza kupiga bila mpangilio. Alilazwa katika hospitali ya jeshi la majini ya Bethesda, na baada ya siku chache madaktari wakatangaza kwamba tatizo halikuanzia moyoni bali shingoni: rais ana ugonjwa wa Graves. Kilichowashangaza watu ni kwamba mkewe, Barbara, alikuwa amekutwa na ugonjwa huohuo miaka miwili nyuma, na macho yalikuwa yameshaanza kumtesa. Mume na mke hawana damu moja. Ikaamriwa yapimwe maji ya Ikulu, ya Camp David na ya nyumba yao ya Kennebunkport, isije ikawa yana lithiamu au iodini iliyozidi. Hata mbwa wao, Millie, aliyekuwa na lupasi, naye akaingizwa kwenye mjadala. Katika maji hakukuonekana kitu.

Katika nyumba moja, mmoja alipigwa moyoni, mwingine machoni, na walinzi wao wakashuku kilichokuwa kikinywewa. Maswali yaliyoulizwa pale ndiyo anayouliza kila mgonjwa wa Graves, awe Washington au Mbeya: kwa nini mimi, macho yameingiaje humu, na je, ni kitu nilichokula au nilichomeza? Majibu yapo zaidi ya yale ya 1991, ila hayako mahali pamoja. La shingo liko kwa daktari wa homoni, la macho kwa daktari wa macho, na la dawa mara nyingi haliko kwa mtu yeyote.

Tezi ya thairoidi, au dundumio, imekaa mbele ya shingo ikilikumbatia koromeo. Homoni zake, T3 na T4, ndizo zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, hedhi, usingizi. Haijiamulii yenyewe. Tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, huituma kwa homoni ya TSH, na homoni zikitosha agizo hupunguzwa. Kwa mgonjwa wa Graves, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazojishikiza palepale TSH inapojishikiza, na tezi inazitii kana kwamba agizo limetoka juu. Pituitari hunyamaza kabisa, TSH kwenye karatasi ya maabara ikawa karibu na sifuri, lakini homoni zinazidi kumwagika. Ndugu wa ugonjwa huu ni ule wa Hashimoto, ambao kinga huila tezi polepole mpaka inashindwa kazi. Wapo wagonjwa wanaotoka kwenye mmoja wakaingia kwenye mwingine, na wapo ambao macho yao yanaugua huku tezi ikiwa ya Hashimoto, au ikionekana nzima kabisa.

Robert Graves wa Dublin aliuandika ugonjwa huu mwaka 1835, na Carl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, mwaka 1840. Wajerumani hadi leo wanauita kwa jina la Basedow, na wana haki yao, kwani yeye ndiye aliyeunganisha waziwazi rovu, moyo kwenda mbio na macho kutokeza. Hakaru Hashimoto alichapisha yake mwaka 1912. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja madaktari waliijua sura ya ugonjwa wasiijue sababu. Mwaka 1956 Adams na Purves, huko New Zealand, walikuta katika damu ya wagonjwa kitu kilichoisisimua tezi kwa muda mrefu kuliko TSH. Ilichukua miaka mingine kuthibitisha kwamba kitu hicho ni kingamwili. Mwaka huohuo wa 1956, watafiti wa London walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto nayo ina kingamwili dhidi ya tezi yao wenyewe. Wazo kwamba kinga inaweza kumgeukia mwenyewe likaacha kuwa uzushi.

Kwa nini mimi? Ukoo unahesabika, jinsia inahesabika zaidi: wanawake huugua Graves mara 5 hadi 10 kuliko wanaume, na miezi inayofuata kujifungua ni wakati wa hatari. Sigara inahesabika. Lakini hakuna daktari mkweli atakayekunyooshea kidole kitu kimoja akasema ndicho. Kwa Bush na mkewe jibu lililobaki ni bahati mbaya tu, na mimi naliona jibu la haki kuliko nadharia nyingi za mitandaoni zinazomlaumu mgonjwa kwa chakula chake au hasira zake.

Huku kwetu swali hilo hutanguliwa na jingine, maana kabla ya kuambiwa ana Graves mtu huwa ameshapewa majina mengi. Anakula kuliko wote mezani na bado nguo zinampwaya. Jasho linamtoka usiku, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye kisosi, halali, anafoka kwa jambo dogo. Jirani anasema ukimwi, shangazi anasema majini, zahanati inasema presha au msongo wa mawazo. Kifua kikuu hutafutwa, na ni haki kitafutwe. Kipimo cha TSH huja mwisho, kwa sababu hakipo kila mahali na hulipiwa mfukoni. Miezi hiyo ya kutangatanga si hasara ndogo, kwa sababu moyo unaokimbia mwaka mzima unaweza kuchoka, na macho huwa yameanza safari yao kimyakimya.

Swali la tatu la Ikulu ile, kama ni kitu kilichomezwa, halikuwa la kijinga hata kidogo. Iodini ndiyo malighafi ya homoni za tezi. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Kivu na sehemu nyingi za bara zilikuwa na upungufu mkubwa wa madini joto, yaani iodini hiyo, na marovu makubwa yalikuwa jambo la kawaida. Katika baadhi ya maeneo ya Kongo muhogo usioandaliwa vizuri ulizidisha tatizo, kwa kuwa sumu yake ikivunjwa mwilini huacha thayosayaneti inayoizuia tezi kupokea iodini. Chumvi yenye madini joto ilipoenea katika miaka ya 1990, madaktari wa Kivu na wa Zimbabwe waliripoti ongezeko la watu wenye homoni zilizozidi. Wengi walikuwa watu wazima waliokuwa na rovu lenye mavimbe kwa miaka mingi: sehemu za tezi zilizokuwa zimezoea kujifanyia kazi bila kusikiliza amri zilipata malighafi ghafla, zikafurika. Hao si wagonjwa wa Graves, ingawa iodini nyingi huweza pia kumfichua mwenye Graves aliyekuwa hajaonekana. Wimbi lile lilipita. Chumvi ile imeokoa akili za watoto wasiohesabika, na anayetumia kisa hiki kuwatisha watu warudi kwenye chumvi ya mawe isiyo na madini joto anafanya ubaya.

Dawa moja ya moyo inabeba iodini nyingi kuliko chumvi yoyote. Amiodaroni, inayotuliza mapigo yasiyo na mpangilio, ni iodini kwa asilimia 37 ya uzito wake. Kidonge cha miligramu 200 kina miligramu 75 za iodini, huku mtu mzima akihitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Dawa hiyo hukaa mwilini kwa miezi, hivyo tezi inaweza kuvurugika hata baada ya mgonjwa kuiacha, ama kwa kufurika homoni, ama kwa kuzama. Mgonjwa wa amiodaroni anastahili kupimwa TSH kabla ya kuanza na kila baada ya miezi sita hivi. Lithiamu, inayotumika kwa magonjwa ya akili, nayo huigusa tezi, mara nyingi kwa kuipunguzia kasi. Waliopima maji ya Bush walijua walichokitafuta.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko Washington. Mtu mwenye VVU aliyeanza ARV akiwa na kinga iliyoporomoka huona kinga yake ikiamka, na mara chache, baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kinga hiyo iliyoamka huishambulia tezi. Madaktari wa Ufaransa waliliandika jambo hili mwaka 1998. Tafakari linavyoonekana kliniki: mtu alikuwa amenenepa, virusi havionekani kwenye kipimo, kisha anaanza kukonda upya, kutokwa jasho na kuharisha. Wazo la kwanza ni kwamba dawa zimeshindwa au hazimezi. Anahojiwa, analaumiwa, anatafutiwa kifua kikuu. Kumbe dawa zimefanya kazi vizuri, na hapaswi kuziacha. Anachohitaji ni kipimo cha tezi. Katika nchi zenye mamilioni ya watu wanaotumia ARV, jambo hili lilistahili kuwa kwenye ukuta wa kila kliniki ya tiba na matunzo.

Kuna pia udanganyifu wa maabara. Vidonge vya nywele na kucha vinavyouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vipodozi huwa na bayotini ya miligramu 5 au 10, wakati mwili unahitaji maikrogramu 30 hivi kwa siku. Mashine nyingi za kupima homoni hutumia bayotini katika kazi yake. Ikizidi kwenye damu, TSH husomeka chini, T4 husomeka juu, na hata kipimo cha kingamwili za Graves huweza kusema ndiyo. Karatasi inamchora aliye mzima kuwa mgonjwa kamili wa Graves. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2017. Ukienda kupima tezi, acha vidonge hivyo angalau siku mbili kabla, na umwambie daktari.

Sasa macho, ambako ugonjwa huu unaeleweka vibaya kuliko popote.

Nyuma ya jicho kuna chumba cha mfupa chenye ujazo wa mililita 30 hivi. Humo mna jicho lenyewe, misuli inayolizungusha, mafuta, mishipa ya damu na neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Seli za humo ziitwazo faibroblasti zina vipokezi vilevile vya TSH ambavyo kingamwili huviandama shingoni, pamoja na vingine viitwavyo IGF-1R. Zikichokozwa hutengeneza mafuta na dutu inayofyonza maji, na misuli inavimba. Mfupa hautanuki, kwa hiyo kilichomo husukumwa kwenye upande pekee ulio wazi, mbele. Macho hayatokezi kwa sababu homoni zimezidi. Yanatokeza kwa sababu yanashambuliwa na adui yuleyule anayeishambulia tezi. Ndiyo maana kuna mtu ambaye macho yalitangulia tezi kwa miezi, na mwingine ambaye macho yaliharibika tezi ikiwa imeshatulizwa kwa dawa. Wengi hupatwa na yote mawili ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi.

Dalili za mwanzo ni rahisi kuzidharau: mchanga machoni, machozi kwenye upepo, kope zilizovimba asubuhi, mwanga unaochoma. Duka la dawa hutoa matone ya mzio, na yakishindwa, matone yenye deksamethasoni. Matone hayo hayafiki nyuma ya jicho penye ugonjwa, na yakitumika kwa miezi bila kuangaliwa huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nimeshaona chupa tatu za aina hiyo katika mkoba wa mgonjwa mmoja, zote nusu, kila moja kutoka duka tofauti, na hakuna aliyewahi kumshika shingo.

Anayeishi na mgonjwa huona mapema kuliko mgonjwa mwenyewe. Usiku macho hayafungi yote. Mstari mweupe unabaki kati ya kope. Mchana, weupe wa jicho unaonekana juu ya duara jeusi, mahali ambapo kope ya juu ilipaswa kufunika, na sura inakuwa ya mtu aliyeshtuka wakati hajashtuka. Kipimo cha mwonekano hapa kina mtego wake. Macho ya watu wengi wenye asili ya Afrika yametokeza kiasi kuliko ya Wazungu bila ugonjwa wowote, hivyo namba za vitabu vya Ulaya zinaweza kumpa mzima ugonjwa, au kumfanya daktari wa hapa azoee na kupuuza. Kipimo bora ni wewe wa zamani: picha ya kitambulisho cha taifa, ya leseni, ya harusi. Iweke pembeni ya uso wa leo, kisha linganisha kope.

Misuli ikivimba huacha kunyooka, na macho mawili hayaelekei mahali pamoja. Ngazi zinakuwa mbili, daladala inayokuja inakuwa na madereva wawili. Mtu anainamisha kichwa upande ili picha ziungane, kisha shingo inamuuma, anatafutiwa dawa ya shingo. Hili huwaondoa watu kazini kuliko macho kutokeza, hasa madereva na mafundi, na halipewi uzito linaostahili kwa sababu halionekani kwenye picha.

Hatari kubwa zaidi inawakuta wachache, kati ya 3 na 5 katika kila wagonjwa 100 wa Graves: konea inayokauka na kupata kidonda kwa kuwa jicho halifungi, au neva ya jicho inayobanwa na misuli iliyovimba. Hapo kuna jambo linalopingana na mazoea yetu. Jicho lililotokeza sana limejitafutia nafasi. Lile lisilotokeza, ambalo kope zake zimekaza, linaweza kuwa ndilo linaloikaba neva. Mgonjwa anayetisha kumtazama huenda yuko salama kuliko jirani yake kwenye benchi. Ishara ya mapema ni rangi. Chukua kizibo chekundu cha soda, funga jicho moja kisha jingine. Wekundu ukionekana umefifia au umechujuka kwa jicho moja, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Ugonjwa wa macho una msimu wake. Francis Rundle, daktari wa Australia, aliuchora katika miaka ya 1940 kama mstari unaopanda, ukafika kilele, kisha ukashuka na kutulia bila kurudi chini kabisa. Kipindi cha moto huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Dawa za kutuliza kinga zina maana wakati huo tu. Moto ukizimika, kilichobaki ni kovu, na kovu hufanyiwa upasuaji kwa mpangilio: kwanza mfupa, kisha misuli, mwisho kope. Mtu aliyepewa prednisoloni miaka mitano baada ya macho kutulia amepewa kisukari na presha bure.

Sigara hapa si suala la nasaha za jumla. Utafiti wa Uholanzi wa 1993 ulikuta wavutaji wana uwezekano wa kuugua macho kwa Graves mara saba hivi kuliko wasiovuta, na tiba huwashika kwa shida. Wanaume huugua Graves mara chache, lakini macho yao huharibika zaidi. Hakuna kidonge cha macho chenye nguvu ya kulingana na kuacha kuvuta.

Tiba ya tezi nayo inaweza kuyaumiza macho. Iodini ya mionzi, ambayo Saul Hertz alimpa mgonjwa wa kwanza huko Boston mwaka 1941 na ambayo leo hutolewa pia Ocean Road, Dar es Salaam, huiua tezi kwa ustadi mkubwa. Tezi inapokufa humwaga vitu vyake kwenye damu, na kinga huchachamaa. Katika utafiti wa Italia wa 1998, macho yaliharibika au yaliongezeka ubaya kwa asilimia 15 ya waliopewa iodini ya mionzi peke yake, asilimia 3 ya waliotumia vidonge vya methimazoli, na hakuna hata mmoja kati ya waliopewa iodini hiyo pamoja na prednisoni. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kunywa iodini ya mionzi ni moja: nani ameyaangalia macho yangu mwezi huu? Baada yake, kuchelewa kuanza homoni ya kidonge nako huyadhuru macho. Upasuaji wa tezi hauna ubaya huo, ila una wake: neva ya sauti na upungufu wa kalisiamu, na hivyo hutegemea mkono wa mpasuaji.

Wengi wetu hata hivyo tunaanza na kidonge. Edwin Astwood wa Boston alionyesha mwaka 1943 kwamba dawa za jamii ya thiourasili huizuia tezi kutengeneza homoni. Kutoka hapo zikaja PTU, methimazoli na kabimazoli, ambayo hugeuka methimazoli mwilini. Kabimazoli ndiyo inayopatikana zaidi kwenye maduka yetu. Hutumika kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu, na takribani nusu ya wagonjwa ugonjwa huwarudia wakiacha. Propranololi huongezwa mwanzoni kutuliza moyo na mitetemo, lakini mwenye pumu hapaswi kupewa.

Wagonjwa watano hivi katika 100 hupata vipele au mwasho kwa kabimazoli, na wengi huweza kuendelea nayo kwa dawa ya mzio. Viungo kuuma ni jambo la kutolea taarifa. Lakini wawili hadi watano katika kila 1,000 hupatwa na agranulositosisi: nyutrofili, seli nyeupe zinazopigana na bakteria, hutoweka ghafla kwenye damu. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na inaweza kutokea kwa mtu aliyewahi kuitumia dawa salama, akaacha, kisha akaianza upya. Kupima damu kila mwezi hakusaidii sana, maana leo seli zipo na keshokutwa hazipo. Kinachoonekana ni homa na koo, wakati mwingine vidonda vya mdomo. Na hapo ndipo nchi zetu zinapoongeza hatari ambayo haimo kwenye kijikaratasi cha dawa.

Homa kwetu ina njia yake. Mgonjwa anatobolewa kidole apimwe malaria. Isipoonekana, anaambiwa ana UTI au taifodi. Anapewa septrini, na ya kushusha homa, pengine sindano ya metamizoli. Septrini na metamizoli nazo zinaweza kushusha seli nyeupe. Siku mbili zinapita, na kabimazoli bado anaimeza asubuhi kwa uaminifu kwa sababu aliambiwa asiruke dozi. Hakuna mhudumu hata mmoja aliyefanya uzembe; kila mmoja alifuata mazoea ya homa. Kilichokosekana ni sentensi moja mezani: huyu yuko kwenye kabimazoli. Kwa sentensi hiyo, kipimo cha kwanza kinakuwa FBP, kile cha kuhesabu seli za damu, ambacho hospitali nyingi za wilaya wanacho. Nyutrofili zikiwa zimeporomoka, dawa inasimamishwa, antibiotiki ya nguvu ya mshipa inaanza, na mgonjwa hatumii tena kabimazoli wala PTU maisha yake yote, kwa kuwa moja inaweza kurudia kosa la nyingine.

PTU ina madhara yake ya pekee. Mwaka 2010 FDA iliiwekea onyo la juu kabisa kwa sababu ya kuharibu ini, wakati mwingine hadi kifo au kupandikizwa ini jingine, na watoto ndio walio hatarini zaidi. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai na kukinai chakula si mambo ya kusubiri. Bado ina nafasi moja isiyo na mpinzani: miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, kwa sababu kabimazoli na methimazoli huweza kumletea mtoto kasoro za ngozi ya kichwa, pua na tumbo. Anayepanga mimba apange na dawa yake kwanza. Na mwanamke aliyetolewa tezi zamani bado huenda ana kingamwili za Graves zinazovuka kondo la nyuma na kuisisimua tezi ya mtoto tumboni. Mkunga akiuliza kama una tatizo la tezi, jibu si kwamba lilikwisha.

Dawa za macho nazo si maji. Methilprednisoloni, steroidi ya mshipa, hutolewa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, gramu 4.5 kwa jumla katika mpango wa kawaida wa Ulaya, na haivuki gramu 8 kwa sababu ini huweza kuharibika. Kwetu inapaswa kutanguliwa na uchunguzi wa kifua kikuu, homa ya ini ya B na sukari. Teprotumumabu, iliyopitishwa Marekani Januari 2020, hufunga kile kipokezi cha IGF-1R na kurudisha macho nyuma kwa namna ambayo steroidi hazijawahi kufanya. Hupandisha sukari, na mmoja hivi katika kumi hupata shida ya masikio, wengine usikivu usirudi sawasawa. Huko Marekani bei ya dozi zake nane inazidi dola 300,000. Kwa bei hiyo sioni sababu ya kuiita tumaini la mgonjwa wa Tabora. Kinachoweza kuokoa macho yake leo ni rahisi: tezi iliyotulizwa bila kupanda na kushuka, sigara iliyoachwa, machozi ya bandia mchana, mafuta ya macho usiku, steroidi ya mshipa kwa wakati, na mpasuaji anayeweza kuupunguza mfupa neva inapobanwa.

Hukumu yangu ni kwamba tatizo letu kubwa kwenye ugonjwa huu si uhaba wa dawa mpya. Ni faili tatu zisizokutana. Daktari wa homoni akiona TSH imerudi mahali pake humpongeza mgonjwa. Daktari wa macho haulizi TSH. Mfamasia anajaza upya kabimazoli bila kuuliza koo. Mgonjwa ndiye pekee anayefika milango yote mitatu, na mara nyingi hajaambiwa abebe nini.

Basi abebe hivi. Piga picha ya pakiti ya dawa yako kwa simu, na jina lake ulijue kwa moyo. Ukiwa kwenye kabimazoli au PTU ukapata homa au koo, simamisha dozi siku hiyo, nenda penye FBP, taja dawa kabla hujatobolewa kidole, na usikubali kurudi nyumbani kwa majibu ya malaria peke yake. Kila unapokwenda kwa daktari wa tezi, mwombe akutazame macho. Kila unapokwenda kwa daktari wa macho, beba karatasi ya TSH. Na dawa ikikudhuru, mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, au uripoti mwenyewe. Kenya kazi hiyo ni ya Pharmacy and Poisons Board.